Pato la Waliobaki

Katika jimbo la Pennsylvania, ukingoni mwa mto Monongahela, mashariki ya mji mkubwa wa Pittsburgh, upo mji mdogo uitwao Braddock, ambao eneo lake zima halifiki kilomita mbili za mraba, na ambao juu ya udogo huo una baraza lake la madiwani, meya wake na hazina yake, kama ilivyo desturi ya jimbo hilo tangu zamani kuipa kila mamlaka ya mji mdogo haki ya kujitawala ndani ya mipaka yake. Hesabu ya watu ya mwaka 1920 iliwakuta humo watu 20,879, na ile ya mwaka 2020, miaka mia kamili baadaye, ikawakuta 1,721. Maana yake ni kwamba katika kila watu 12 waliokuwako siku zile, leo nafasi za watu 11 ni tupu.

Mtu anayetaka kuujua mji kwa haraka hufungua jedwali la mapato, akatazama pato la kaya na asilimia ya mafukara, kisha akalifunga akiamini kwamba amekwisha kuwajua wakazi, hali yao na bidii yao. Mimi nashikilia kwamba hajajua kitu. Jedwali la mapato ya mji mdogo ni habari ya waliobaki, wala haliwezi kusomeka mpaka msomaji aulize ni nani walioondoka, waliondoka lini, na ni nani aliyezuiliwa asiondoke. Nimeichagua Braddock kuwa shahidi wa hoja hii kwa sababu tarakimu zake ni kali, na kwa sababu kisa kinachosimuliwa juu yake aghalabu si kisa ambacho tarakimu zenyewe zinakisema.

Jina la mji latokana na Jenerali Edward Braddock, aliyeongoza jeshi la Waingereza na kushindwa mahali hapo Julai 1755, nao mji ulipata hati yake mwaka 1867. Walakini uhai wake hasa ulianza mwaka 1875, Andrew Carnegie alipoanza kufua chuma cha pua katika kiwanda alichokipa jina la Edgar Thomson, rais wa kampuni ya reli ya Pennsylvania, ambaye alikuwa mnunuzi aliyetarajiwa wa reli zitakazotoka humo. Wakaja watu kutoka Ireland na Wales, kisha Waslovaki, Wahungaria na Wakroati, na baadaye Weusi waliokuwa wakiikimbia dhuluma ya majimbo ya Kusini, wote wakasongamana katika nyumba za mbao zilizoteremka toka mlimani hadi mtoni, wakifanya kazi saa 12 kwa siku, na kila baada ya majuma mawili, zamu za mchana na za usiku zilipobadilishana, wakisimama mbele ya tanuri saa 24 mfululizo. Mwaka 1889 Carnegie aliufungulia mji huu maktaba, ya kwanza kati ya zote alizozijenga katika nchi ya Marekani, na chini yake palikuwa na bafu, ili mfua chuma atokapo kazini aoge masizi yake kwanza, ndipo apande ngazi kwenda kwenye vitabu. Jengo hilo lingali limesimama. Anayelitazama na kukumbuka kwamba lilipanuliwa mwaka 1893 kwa ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea hupata fununu ya wingi wa watu waliotazamiwa kulijaza.

Sasa na tuzifuate hesabu zenyewe. Kutoka watu 20,879 wa mwaka 1920, mji ulishuka ukawa na watu 16,488 mwaka 1950, na 12,337 mwaka 1960, na 5,634 mwaka 1980, na 2,912 mwaka 2000. Msimulizi wa kawaida husema kwamba chuma kilianguka, viwanda vikafungwa, na mji ukafa. Na kwa bonde la Monongahela kwa jumla kauli hiyo ina ukweli mwingi, maana kiwanda kikubwa cha Homestead, ng'ambo ya mto, kilifungwa mwaka 1986. Lakini tazama mwaka 1980, kabla ya pigo kubwa la miaka ile: Braddock ilikuwa imekwisha kupoteza karibu robo tatu ya watu wake. Tena kiwanda cha Edgar Thomson hakikufungwa kamwe. Hata leo kinafua chuma, mwaka wa 150 na zaidi tangu kilipowashwa. Mji ulianza kumwagika ilhali tanuri zinawaka na ujira unalipwa, na kwa hiyo sababu ya kumwagika kwake haina budi kutafutwa mahali pengine kabla ya kutafutwa kiwandani.

Sababu hiyo yapatikana katika sera ya makazi. Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani ilikuwa na idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, na mwaka 1944 ikaongeza sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani, na kwa mikopo hiyo mfua chuma mzungu, aliyekwisha kuzoea motokaa, aliweza kununua nyumba mpya yenye bustani katika vitongoji vya mlimani kwa malipo ya mwezi yaliyo sawa na kodi ya chumba bondeni. Mwenzake mweusi, aliyesimama naye mbele ya tanuri lile lile, hakufunguliwa mlango huo, kwa kuwa kanuni za udhamini ziliihesabu mitaa ya Weusi, na mitaa iliyoelekea kuwa ya Weusi, kuwa amana isiyo salama. Akabaki. Mwaka 2000 watu wawili katika kila watatu wa Braddock walikuwa Weusi, katika mji uliojengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji wa Ulaya ya mashariki. Na anayeiona sehemu hiyo katika jedwali bila ya kujua historia ya mikopo huenda akadhani kwamba anasoma habari ya utamaduni au ya hiari, kumbe anasoma daftari la nani alipewa ruhusa ya kuhama na nani alinyimwa.

Tukitaka kuyaona haya kwa macho wala si kwa tarakimu, twaweza kuzitazama picha za LaToya Ruby Frazier, aliyezaliwa Braddock mwaka 1982, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kiitwacho The Notion of Family, ambamo wamo bibi yake, mama yake na yeye mwenyewe: vizazi vitatu vya wanawake, bibi akiwa ameuona mji ungali na maduka, mama akiwa ameona maduka yakifungwa, na binti akiwa ameukuta umekwisha kuwa mtupu. Humo pia imo hospitali ya mji, iliyofungwa Januari 2010, na kufungwa kwake kuliuondolea mji tiba na ajira kwa pamoja.

Narudi kwenye pato. Sensa ya mwaka 2000 iliwauliza watu mapato yao ya mwaka 1999, na jibu lililotoka Braddock ni kwamba kaya iliyo katikati, yaani ile ambayo nusu ya kaya zote zinaizidi na nusu ziko chini yake, ilipata zaidi kidogo ya dola 18,400, ilhali kwa taifa zima kaya ya katikati ilipata dola 41,994. Hiyo ni asilimia 44 ya kiwango cha taifa. Lakini jedwali hilo hilo lasema kwamba pato la kila mtu, yaani fedha zote zilizoingia mjini zikagawanywa kwa vichwa vyote, wakubwa kwa wadogo, lilikuwa kiasi cha dola 13,100, na la taifa dola 21,587. Nayo ni asilimia 61. Mji ni ule ule, mwaka ni ule ule, nao kwa kipimo kimoja hauifikii nusu ya taifa, na kwa cha pili waikaribia theluthi mbili. Mwandishi anayetaka kusikitisha huchukua kipimo cha kwanza, na anayetaka kutuliza huchukua cha pili, na wote wawili huwa wamesema kweli.

Tofauti hiyo ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika jedwali. Mahali ambapo kaya nyingi ni za mtu mmoja, mjane anayeishi kwa malipo ya uzeeni katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, pato la kaya huwa dogo sana kwa kuwa kaya yenyewe ni ndogo, wala si kwa sababu kila kichwa kimepungukiwa kwa kadiri ile ile. Kadhalika kipimo cha kaya ya katikati hakivutwi na kaya chache zenye mapato makubwa, ilhali kipimo cha kugawanya huvutwa. Kwa hiyo tarakimu mbili hizi zikisomwa pamoja zatuambia habari ya umri na ya upweke, mambo ambayo hakuna hata moja kati ya hizo inayoyataja kwa jina.

Na tuchukue mtaa wa kufikirika wenye kaya tisa, mapato yao kwa maelfu ya dola yakiwa 9, 11, 13, 16, 18, 24, 31, 40 na 52. Kaya ya katikati ni ile ya 18. Wafanyakazi wawili wa juu, wa 40 na wa 52, wakahamia mlimani. Zikabaki kaya saba, na ya katikati sasa ni ya 16. Hakuna aliyepunguziwa mshahara hata senti moja, na gazeti la asubuhi litaandika kwamba pato la mtaa limeshuka. Kisha bibi wa kaya ya 9 akafariki dunia. Zikabaki kaya sita, katikati ikawa baina ya 16 na 18, yaani 17, na gazeti litaandika kwamba hali imeanza kutengenea, ilhali kilichotokea ni msiba. Katika mji wa watu milioni vifo na uhamaji wa mmoja mmoja humezwa na wingi. Katika mji wa watu elfu mbili hivyo ndivyo vinavyolisukuma jedwali, mara chini, mara juu, na msomaji asiyeyajua hayo hutafuta sababu katika uongozi wa meya au katika uvivu wa raia.

Asilimia ya mafukara nayo yahitaji hadhari. Mwaka 1999 zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu wa Braddock alihesabiwa kuwa yu chini ya mstari wa ufukara, ilhali kwa taifa zima ni kiasi cha mmoja katika kila wanane. Mstari huo ulitungwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii, aliyechukua gharama ya chakula cha chini kabisa kinachoweza kumtunza mtu, akaizidisha mara tatu. Nao tangu hapo umekuwa ukipandishwa kwa kufuata bei tu, hata kufikia dola 17,029 kwa jamaa ya watu wanne mwaka 1999. Ni mmoja kwa nchi nzima, kana kwamba kodi ya nyumba ya Braddock na ya San Francisco ni kitu kimoja. Haujumlishi msaada wa chakula wala ruzuku ya nyumba katika pato. Wala haujali kwamba mjane ana nyumba isiyo na deni au kwamba kijana ana deni pasipo nyumba. Mimi siukatai, kwa sababu uthabiti wake wa miaka mingi ndio unaoturuhusu kulinganisha zamani na sasa. Nasema tu kwamba unapima upungufu wa fedha zinazoingia, na upungufu huo Braddock ni wa kweli na ni mchungu, lakini haupimi kilichopotea watu walipoondoka: daktari aliye karibu, duka la nyama, basi linalopita baada ya dakika kumi.

Jambo jingine ni uthabiti wa tarakimu zenyewe. Hadi mwaka 2000 sensa ya Marekani ilikuwa na fomu ndefu, iliyopelekwa kwa takriban kaya moja katika kila sita za taifa zima, na mapato yaliulizwa humo. Fomu hiyo ikaachwa, na tangu mwaka 2005 pana uchunguzi wa sampuli unaofanywa mwezi kwa mwezi pasipo kukatika, ambao kwa miji yenye watu chini ya 65,000 hutolewa kwa kukusanya miaka mitano pamoja. Natija yake ni kwamba pato la Braddock linalochapishwa kuwa ni la 2019 hadi 2023 limechanganya mwaka wa kabla ya ugonjwa wa korona, miaka ya ugonjwa wenyewe, na mwaka wa baada yake, nalo limetoka kwa kaya chache mno. Kando ya kila tarakimu serikali huchapisha kiasi ambacho yaweza kukosea kwenda juu au kwenda chini, na katika miji midogo kiasi hicho huweza kuwa kikubwa hata kikazimeza tofauti zote ambazo waandishi huzishangilia au kuzililia. Wanaonukuu hukiacha. Huo ni uzembe mkubwa, nami sioni udhuru wake, kwa kuwa safu yenyewe iko kando tu, haihitaji elimu ya chuo kusomwa.

Udogo ukizidi, maana hutoweka kabisa. Katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania upo mji wa Centralia, ambao moto uliozuka katika machimbo ya makaa ya mawe chini yake mwaka 1962 ungali unawaka, na watu wake wakahamishwa kwa fedha za serikali, hata sensa ya mwaka 2020 ikawakuta watu 5. Na katika jimbo jirani la New Jersey upo mji mdogo wa Tavistock, ulioundwa mwaka 1921 kwa ajili ya klabu ya gofu, ambao sensa ya mwaka 2010 iliwakuta humo watu 5 vile vile. Watano waliosalia juu ya moto na watano waishio kando ya uwanja wa gofu hutokea katika jedwali kwa tarakimu moja. Tena katika sensa ya mwaka 2020 serikali, kwa kulinda faragha, ilizitia hesabu za maeneo madogo mabadiliko ya makusudi, ikaacha jumla za majimbo tu bila kuguswa. Kwa hiyo hata hiyo 5 ya Centralia haiwezi kuchukuliwa kuwa ni hesabu ya vichwa vilivyoonekana mlangoni. Nami naona serikali ilifanya haki, maana ukitangaza habari za watu watano umetangaza habari za jirani yako.

Nimeliacha nyuma jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni mpaka. Pato huandikwa mahali mtu anapolala, wala haliandikwi mahali anapofanyia kazi. Kiwanda cha Edgar Thomson, kilichoukalia mpaka wa Braddock na North Braddock, hulipa mishahara mizuri ya chama cha wafanyakazi wa chuma, lakini mtu aingiaye zamu kwa gari na kutoka kwa gari kwenda kwake mlimani haonekani hata mara moja katika jedwali la Braddock, ijapokuwa amevuta hewa yake na kukanyaga barabara yake kwa miaka thelathini. Na kodi hufuata njia ile ile. Kwa sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1965, kodi ya ujira, ambayo aghalabu ni asilimia moja igawanywayo baina ya mji na wilaya ya shule, huenda katika mji anaokaa mfanyakazi. Mji anaofanyia kazi hupata ushuru mdogo ambao kwa kawaida hauzidi dola 52 kwa mwaka. Wala mji hauwezi kujifidia kwa kodi ya majengo kama mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu mitambo iliyomo kiwandani imetolewa katika makadirio ya kodi hiyo: ukuta hutozwa, tanuri halitozwi. Fauka ya hayo kaunti ya Allegheny, ambamo Braddock imo, imekatwa vipande 130, kila kipande na hazina yake, kiasi kwamba mtu aweza kuhama mwendo wa dakika tano akawa ameuhamisha mchango wake wote, na mabomba ya maji machafu aliyoyaacha nyuma yakabaki na urefu ule ule, yalipiwe na wachache.

Si ajabu basi kwamba mwaka 1988 Braddock iliingizwa katika orodha ya miji iliyo taabani kwa sheria ambayo jimbo lilikuwa limeipitisha mwaka uliotangulia. Sheria hiyo huleta mshauri na mpango wa kubana matumizi, nayo ina faida zake. Ila dawa yake humwendea mgonjwa aliyebaki kitandani, wala haimgusi aliyeondoka na damu yake. Kaunti nayo tangu mwaka 1994 hutoza asilimia moja ya ziada katika mauzo, na robo ya mapato hayo hugawiwa miji kwa kanuni inayoipendelea iliyo fukara. Hiyo ni hatua njema, lakini ni ndogo mno kulinganishwa na maji yaliyokwisha kumwagika.

Ipo njia iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 1971 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria kwamba katika kaunti saba za Minneapolis na Saint Paul, sehemu ya asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda iwekwe katika chungu kimoja, kisha igawiwe miji kwa kadiri ya watu wake na ya uwezo wake, ili mji usiojaliwa duka kubwa wala kiwanda upate fungu katika neema ya eneo zima. Sheria hiyo imedumu zaidi ya nusu karne, na Minneapolis haikufilisika. Bonde la Monongahela lina haki ya kupata mfano wake, tena kwa nyongeza moja, kwamba sehemu ya kodi ya ujira ibaki pale kazi inapofanywa. Wabunge wa jimbo walioko Harrisburg ndio wenye mamlaka ya kuitunga sheria hiyo, na hawana haja ya kungoja sensa ya mwaka 2030 kuwaambia watu wangapi zaidi wameondoka.

Nawe msomaji, ukiletewa jedwali la mji wowote mdogo wa Marekani, ukaambiwa kwamba watu wake ni maskini au ni matajiri, usikubali mpaka umeletewa pamoja nalo hesabu ya watu ya miaka 100, umri wa wakazi, ukubwa wa kaya, na ile safu ya makosa. Na ukinyimwa hayo, liache neno hilo lisipite kinywani mwako.